Tom Finney na ofa ya Palermo: uchambuzi wa uhamisho uliozuiwa mwaka 1952

Mwezi Mei mwaka 1952 timu ya taifa ya Uingereza ilikuwa ziarani barani Ulaya, na tarehe 18 ilitoka sare ya bao 1-1 na Italia mjini Florence. Katika ziara hiyo winga wake Tom Finney, mchezaji wa Preston North End aliyekuwa ametimiza miaka 30 mwezi mmoja tu kabla, alifuatwa na rais wa klabu ya Palermo, Roberto Lanza di Trabia, mwinyi wa Sicily mwenye cheo cha ukoo, akaahidiwa mambo ambayo hakuna mchezaji wa ligi ya Uingereza aliyeweza kuyapata kwao kwa njia ya halali. Angepewa pauni 10,000 mkononi kwa kutia saini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, bonasi zinazoweza kufika pauni 100, nyumba ya kifahari kando ya Bahari ya Mediterania, gari, na nauli za familia yake. Mkataba ungekuwa wa miaka miwili. Finney aliporudi nyumbani alilipeleka jambo hilo kwa mwenyekiti wa klabu, Nat Buck, na jibu alilopewa, kwa lafudhi nzito ya Lancashire na bila kuzungushwa, lilikuwa kwamba asipoichezea Preston hatachezea timu yoyote. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa uaminifu wa wachezaji wa zamani: mwana wa Preston aliyezikataa pesa za Wataliano kwa mapenzi ya klabu ya mji wake. Masimulizi hayo ni matamu, lakini yanamsifu Finney kwa uamuzi ambao hakuachiwa aufanye. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisimulia, bila kinyongo, kwamba ofa ile ilimvutia. Inawezekana kabisa kwamba angebaki hata kama angeruhusiwa kuondoka. Alikuwa na mke, watoto wawili wadogo na biashara katika mji huo. Ila hilo halikupimwa kamwe, kwa sababu kanuni mbili za ligi ya Uingereza zilikuwa zimekwisha kuamua kwa niaba yake. Kanuni ya kwanza ilihusu mshahara na ya pili ilihusu usajili, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa na meno.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini Palermo, klabu ya Serie A iliyokuwa mbali na vigogo wa Turin na Milan, ilimtaka mtu huyu hasa. Finney alizaliwa Preston tarehe 5 Aprili 1922, karibu mno na uwanja wa Deepdale. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo na mwenye afya dhaifu, na mguu wake wa asili ulikuwa wa kushoto. Mguu wa kulia aliufundisha kwa mazoezi ya makusudi, mpaka ikawa vigumu kwa mtazamaji mgeni kusema upi ni upi. Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Katika mfumo wa siku zile winga alikaa karibu na mstari wa pembeni akisubiri mpira, na beki aliyepangiwa kumkaba alikuwa na kazi moja tu, yaani kumsukuma winga upande ambao mguu wake ni mzito. Mbele ya Finney kazi hiyo haikuwezekana. Beki akimzibia njia ya ndani, Finney alitoka nje hadi mstari wa goli na kupiga krosi kwa mguu wa kulia. Akimzibia nje, aliingia ndani na kupiga shuti kwa mguu wa kushoto. Kwa sababu hiyo timu ya taifa ilimtumia winga ya kulia, winga ya kushoto na hata katikati ya safu ya ushambuliaji bila kupoteza kitu.

Vita vilimla miaka ya ujana kama vilivyowala wengi wa rika lake. Mwaka 1941 alicheza fainali ya kombe la wakati wa vita dhidi ya Arsenal, Preston ikashinda katika mchezo wa marudiano, kisha akaandikishwa jeshini mwaka 1942 na kupelekwa Misri na baadaye Italia kama askari wa vifaru. Mchezo wake wa kwanza wa ligi ulikuja Agosti 1946 dhidi ya Leeds United, akiwa na miaka 24, na mwezi uliofuata tu akaitwa timu ya taifa na kufunga bao katika ushindi wa 7-2 dhidi ya Ireland ya Kaskazini mjini Belfast. Mei 1947 Uingereza iliifunga Ureno mabao 10-0 mjini Lisbon ikiwa na Stanley Matthews upande wa kulia na Finney upande wa kushoto. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Mei 1948, Italia ilifungwa 4-0 nyumbani kwake Turin, na mabao mawili ya mwisho yalikuwa ya Finney. Kwa hiyo Waitaliano hawakuwa na haja ya kutuma mtu wa kumchunguza. Walikuwa wamekwisha kumwona akiwaadhibu kwao. Siku chache baada ya sare ya Florence, mjini Vienna, pasi yake ndiyo iliyomwacha Nat Lofthouse akimbie peke yake kufunga bao la ushindi wa 3-2 dhidi ya Austria. Bei ya mchezaji haikuwahi kuwa juu zaidi ya hapo.

Sasa tuangalie hesabu. Tangu mwaka 1901 ligi ya Uingereza ilikuwa imeweka kima cha juu cha mshahara ambacho klabu yoyote ingeweza kumlipa mchezaji yeyote. Kilianza na pauni 4 kwa wiki, kikapanda kidogo kidogo, na mwaka 1951 kilifika pauni 14 wakati wa msimu, huku miezi ya mapumziko ya kiangazi ikilipwa pungufu. Ushindi uliongeza pauni 2 na sare pauni 1. Kiwango kilikuwa hicho hicho kwa Finney na kwa mchezaji wa kawaida ambaye klabu yake iliamua kumlipa kiwango cha juu. Kipaji hakikuwa na bei yake ya ziada. Hata tukijifanya kwamba alilipwa pauni 14 kila wiki ya mwaka bila kupunguziwa kiangazi, mapato yake yasingezidi pauni 728 kwa mwaka kabla ya bonasi. Mshahara wa Palermo peke yake ulikuwa pauni 1,560 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara mbili. Pauni 10,000 za saini zilikuwa karibu sawa na miaka 14 ya mshahara wa Preston kwa kiwango hicho, na miaka 14 ndiyo idadi ya misimu yote aliyocheza ligi tangu 1946 hadi alipostaafu 1960. Tukijumlisha saini na mishahara ya miaka miwili, na kuacha bonasi, nyumba na gari, tunapata pauni 13,120, mapato ya miaka 18 kwa pauni 728.

Kuna ulinganisho mwingine ambao kwa maoni yangu unaeleza mambo vizuri zaidi ya mishahara. Mwaka 1947 Blackpool walilipa pauni 11,500 kumchukua Stanley Matthews kutoka Stoke City. Pesa hizo zilitoka klabu moja zikaingia klabu nyingine, na yeye aliyeuzwa hakuwa na haki ya fungu lolote humo. Kile ambacho kanuni iliruhusu mchezaji wa Uingereza kupewa anapotia saini klabu mpya kilikuwa pauni 10. Palermo, kwa maneno mengine, walikuwa tayari kumpa Finney mwenyewe kiasi kinachokaribia dau zima la Matthews, na mara elfu moja ya kile ambacho angepewa kama angehamia mtaa wa pili. Msomaji wa leo aliyezoea habari za dirisha la usajili, ambamo mchezaji, wakala na familia wana mafungu yao, itambidi ajitahidi kidogo kuielewa dunia ambamo dau la uhamisho halikumhusu mtu anayehamishwa.

Kanuni ya mshahara ilikuwa na mianya yake. Klabu kadhaa zililipa pesa za chini kwa chini, na mwaka 1957 Sunderland walitozwa faini ya pauni 5,000 kwa malipo ya aina hiyo. Kanuni ya usajili, kwa upande mwingine, haikuvuja. Mchezaji alitia saini mkataba wa mwaka mmoja, lakini alipokwisha kusajiliwa na klabu, usajili ule haukufa pamoja na mkataba. Msimu ulipokwisha, klabu iliandaa orodha ya wachezaji inaowabakiza na ya wale inaowaweka sokoni. Aliyebakizwa aliweza kukataa masharti mapya, ila akikataa hakulipwa, na wakati huo huo hakuruhusiwa kusajiliwa na klabu nyingine ya ligi mpaka klabu yake iridhie. Mkataba ulimfunga mwajiri kwa miezi 12. Usajili ulimfunga mwajiriwa kwa muda ambao mwajiri angependa. Mapema mwaka 1912 mchezaji Herbert Kingaby aliipeleka Aston Villa mahakamani kwa sababu ya mfumo huu akashindwa, na kushindwa kwake kukawazuia wengine wasijaribu tena kwa nusu karne.

Hapo ndipo maneno ya Buck yanapopata maana yake halisi. Wengi huyasoma kama ukali wa mzee mwenye kiburi, na huenda kiburi kilikuwemo, lakini kisheria alikuwa anaeleza hali ilivyo, neno kwa neno. Finney aliposajiliwa Preston alikuwa na uwezekano wa namna mbili: kuichezea Preston au kutoucheza mpira wa kulipwa kabisa. Mwenyekiti hakulazimika kumtafutia sababu, kumwongezea chochote, wala kumwahidi kwamba suala lake litafikiriwa msimu ujao. Sijui ajira nyingine ya wakati huo nchini Uingereza, nje ya jeshi, ambamo mwajiri angeweza kutamka sentensi kama hiyo na kuwa sahihi.

Swali la kawaida linalofuata ni kwa nini hakuondoka tu. Sicily haikuwa chini ya ligi ya Uingereza, na hakuna polisi ambaye angemkamata bandarini. Jibu liko Bogotá. Mwaka 1950 ligi ya Kolombia, iliyokuwa imejitenga na shirikisho la kimataifa la FIFA, iliwavuta wachezaji kadhaa kutoka Uingereza kwa mishahara minono bila kuzilipa klabu zao chochote. Neil Franklin, beki wa kati wa Stoke City na nguzo ya timu ya taifa, alienda pamoja na mwenzake George Mountford, na Charlie Mitten, winga wa Manchester United, akawafuata. Kwa sababu ligi ile ilikuwa nje ya FIFA, hakukuwa na chama cha Kolombia kilichohitaji kibali kutoka London. Waliweza kucheza. Adhabu iliwasubiri nyumbani. Franklin hakustahimili maisha ya huko, akarudi baada ya muda mfupi, akafungiwa, akauzwa Hull City iliyokuwa daraja la pili, na baada ya mechi 27 za timu ya taifa hakuitwa tena hata mara moja. Mitten aliporudi alitozwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita, na Manchester United ikamuuza Fulham.

Finney aliyajua yote hayo; Franklin alikuwa mwenzake wa timu ya taifa. Lakini hali yake ilikuwa ngumu zaidi ya ile ya Bogotá, kwa sababu Italia ilikuwa mwanachama kamili wa FIFA. Palermo haingeweza kumchezesha bila chama cha soka cha Uingereza kumwachia, na chama kisingemwachia bila ridhaa ya Preston. Waasi wa 1950 walikuwa na mahali pa kuchezea huku wameadhibiwa. Finney, kama angepanda meli kwenda Palermo kwa hasira, angeketi katika ile nyumba ya kando ya bahari akiutazama mpira. Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo masimulizi ya uaminifu huiruka, na bila hiyo kisa chote hakieleweki.

Haki inadai tumwangalie Buck pia kutoka upande wake wa meza. Preston ndiyo klabu iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi, msimu wa 1888-89, bila kupoteza mchezo, ila katika miaka ya 1950 ilikuwa timu ya mji wa viwanda vya pamba, yenye jina kubwa na mfuko wa kawaida. Ilishuka daraja mwaka 1949, ikarudi mwaka 1951 kama bingwa wa daraja la pili, na katika miaka hiyo miwili ya chini Finney aliendelea kuitwa timu ya taifa huku akicheza ligi ya pili. Watu walilipa kiingilio kumwona yeye. Mwenyekiti anayemwachia mtu wa aina hiyo mwaka mmoja tu baada ya kupanda daraja angekuwa na maelezo mengi ya kutoa mbele ya mji. Ninaloweza kumlaumu ni jambo dogo na mahususi zaidi: kwamba akiwa na uwezo wote upande wake, hakuona haja ya kutafuta njia yoyote ya kumtuliza mchezaji aliyekuja kwake kwa adabu kuomba ruhusa. Mfumo ulimpa haki ya kukataa. Haukumlazimisha akatae kwa namna ile.

Kwa upande wa mapato ya uwanjani, klabu ilipata faida ya uamuzi huo mara moja. Msimu uliofuata, 1952-53, Preston ilimaliza ligi ikiwa na pointi 54 sawa na Arsenal, na ubingwa ukaamuliwa kwa wastani wa magoli, yaani mabao ya kufunga yakigawanywa kwa mabao ya kufungwa. Arsenal ilikuwa na 97 kwa 64, sawa na takriban 1.52, Preston 85 kwa 60, sawa na takriban 1.42. Tofauti ilikuwa sehemu ya kumi ya bao moja. Mwaka 1954 Finney, akiwa nahodha, aliipeleka timu fainali ya Kombe la FA huko Wembley, akawa na siku mbaya katika mchezo ambao nchi nzima ilimtazamia awe nyota, na West Bromwich Albion wakashinda 3-2. Mwaka 1958 Preston ikawa tena ya pili, safari hii nyuma ya Wolverhampton Wanderers, baada ya Finney kuhamishiwa katikati ya ushambuliaji. Alichaguliwa mwanasoka bora wa mwaka 1954 na tena 1957, mtu wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili. Mechi zake 433 za ligi zote alizichezea klabu moja, akafunga mabao 187. Kwa taifa alicheza mara 76 na kufunga 30. Medali kubwa hakupata hata moja nje ya ile ya kombe la wakati wa vita na ile ya daraja la pili.

Picha inayojulikana zaidi ya maisha yake yote ilipigwa Stamford Bridge mwaka 1956, siku ya mvua kubwa, katika mchezo dhidi ya Chelsea. Finney yumo ndani ya dimbwi karibu na mstari wa pembeni, mwili umeinama, goti limekunjwa, maji yameruka pande zote hadi kuzidi kimo chake, na mabeki wanaomfukuza wamekwisha kupotea njia. Alikuwa na miaka 34. Kima cha juu cha mshahara wakati huo kilikuwa pauni 15 kwa wiki, yaani kimepanda pauni 1 tangu siku ya ofa ya Palermo.

Kitu kilichomwezesha kulimeza jibu la Buck bila kuvunjika, naamini, hakikuwa cha mpira hata kidogo. Alipokuwa kijana na Preston wakamtaka, baba yake alikataa asiache uanagenzi wa ufundi bomba. Akamaliza, na baada ya vita yeye na ndugu yake Joe wakaanzisha kampuni ya mabomba iliyokua na kuajiri watu wengi mjini. Wapinzani walimwita fundi bomba wa Preston kwa utani, na utani huo ulificha ukweli wa kiuchumi: huyu alikuwa mmoja wa wanasoka wachache wa kizazi chake ambao mshahara wa klabu haukuwa riziki yao pekee. Asubuhi alikuwa mazoezini, mchana alikuwa akishughulikia mabomba ya watu. Mchezaji mwenzake asiye na ufundi wowote, aliyepewa jibu kama lile akiwa na miaka 30, angeangalia mbele na kuona miaka minne au mitano ya pauni 14 na kisha hakuna kitu. Kwa hiyo tunapoutazama utulivu wa Finney kama sifa ya tabia, na tabia njema alikuwa nayo kwa kuwa hakuwahi kuonywa wala kutolewa uwanjani na mwamuzi, tukumbuke kwamba utulivu huo ulikuwa na akaunti ya benki nyuma yake. Baba yake ndiye aliyemfanyia mpango bora wa maisha kuliko klabu.

Miaka mitano baada ya kisa hiki mambo yalitokea kwa namna nyingine kabisa kwa mchezaji mwingine. Mwaka 1957 John Charles, Mwelisi wa Leeds United, alihamia Juventus kwa dau la pauni 65,000, rekodi ya Uingereza wakati huo, na yeye mwenyewe akapata pauni 10,000 za saini, kiasi kile kile alichoahidiwa Finney. Kanuni za usajili zilikuwa zile zile, FIFA ile ile, Italia ile ile. Kilichobadilika ni haja ya klabu: jukwaa la magharibi la uwanja wa Leeds lilikuwa limeteketea kwa moto Septemba 1956, na klabu ilihitaji pesa. Ukivilinganisha visa hivi viwili unaona wazi kwamba matakwa ya mchezaji hayakuwa sehemu ya hesabu katika chochote kati ya hivyo. Charles aliondoka kwa sababu Leeds ilikuwa na shida, na Finney alibaki kwa sababu Preston haikuwa nayo.

Mwisho wa mfumo huo ulikuja kwa Finney kuchelewa. Alistaafu Aprili 1960 kwa sababu ya jeraha la nyonga, baada ya mchezo wa mwisho dhidi ya Luton Town pale Deepdale. Januari 1961, chama cha wachezaji chini ya uenyekiti wa Jimmy Hill kilipotishia mgomo, ligi ikakiondoa kima cha juu ambacho kilikuwa kimefika pauni 20, na muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Kanuni ya usajili ilisubiri mahakama. George Eastham, aliyezuiwa na Newcastle United alipotaka kuondoka na ambaye hatimaye aliuzwa Arsenal kwa pauni 47,500, aliendelea na kesi hata baada ya kuhama, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba kumbakiza mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni kizuizi kisicho halali cha mtu kufanya kazi yake. Sehemu ya uhamisho kwa dau iliendelea kuishi kwa sura mbalimbali hadi kesi ya mchezaji Mbelgiji Jean-Marc Bosman mwaka 1995, lakini ile sentensi ya Buck haikuweza tena kutamkwa baada ya 1963.

Hata hivyo kuna upande ambao mtetezi wa wachezaji, nami ni mmoja wao katika kisa hiki, hawezi kuukwepa. Kanuni zile zile zilizomnyima Finney pauni 10,000 ndizo zilizoifanya Preston iweze kumhifadhi mchezaji wa kiwango chake dhidi ya klabu za London na Manchester, na si Preston pekee. Katika miaka hiyo Blackpool, Bolton, Blackburn na Burnley, miji ya Lancashire iliyo karibu karibu, ilikuwa na timu za daraja la juu, na Burnley ilitwaa ubingwa mwaka 1960. Tajiri hakuweza kulipa zaidi ya maskini, na maskini hakulazimika kuuza. Kima cha juu kilipoondolewa Januari 1961, Preston ilikuwa katika msimu wake wa kwanza bila Finney. Ilimaliza msimu huo kwa kushuka daraja. Mwaka 1970 ilishuka tena hadi daraja la tatu, na ligi ya juu haijairudia mpaka leo.